Jina Juu ya Kigae

Jina ni kitu cha kwanza mtu apewacho ajapo duniani, na ni kitu cha mwisho akiachacho aondokapo. Nguo huchakaa, nyumba huanguka, mali hugawanywa na warithi. Lakini jina hubaki vinywani mwa watu, likitajwa kwa heri au kwa shari. Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Hata hivyo, kitu hiki chenye thamani kubwa hatukujichagulia wenyewe. Tulichaguliwa na wengine wakati ambapo hatukuweza kusema ndiyo wala la. Kwa hivi mtu mwenye busara hulitazama jina kama mgeni aitazamavyo zawadi ya mwenyeji wake: hulipokea kwanza kwa mikono miwili, kisha huuliza limetoka wapi na lina maana gani.

Nataka tufuatane, msomaji wangu, katika safari ya kulitafuta jina moja. Si jina langu, na yamkini si lako. Huenda katika shule yenu nzima hakuna hata kijana mmoja aitwaye kwa jina hilo. Jina lenyewe ni Aristides. Lilizaliwa katika nchi ya Ugiriki zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, na katika majina yote ya kale niliyopata kuyasoma, hili ndilo linipendezalo kupita yote. Kupenda bila ya sababu ni jambo la watoto wachanga. Basi acha nikueleze sababu zangu, nawe uzipime.

Majina ya Kigiriki si mageni kwetu. Tazama orodha ya wanafunzi wa darasa lako. George asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya mkulima, mtu afanyaye kazi ya ardhi. Peter ni mwamba. Stephen ni taji. Philip ni mpenda farasi. Onesmus, jina lililoenea sana katika Kenya, maana yake ni mwenye kufaa. Lilikuwa jina la mtumwa ambaye Mtume Paulo alimwombea msamaha kwa bwana wake Filemoni. Wengi hudhani kuwa haya ni majina ya Kiingereza, walakini Waingereza nao waliyaazima kama tulivyoyaazima sisi. Mengi ya majina haya yalisafiri katika chombo kimoja, nacho ni Agano Jipya, ambalo liliandikwa kwa lugha ya Kigiriki.

Aristides hakupanda chombo hicho. Hapana mtu wa jina hilo katika Biblia. Ndugu zake wawili wamo: Aristarko, mwenzi wa Paulo katika safari zake, na Aristobulo, atajwaye katika Waraka kwa Warumi. Lakini yeye mwenyewe aliachwa ufukoni. Hii ndiyo sababu moja ya jina hili kuwa adimu kwetu. Halikuja na wahubiri. Lilibaki katika vitabu vya historia, na mtu atakaye kulipata hana budi kwenda kulitafuta huko.

Sasa na tulipasue jina hili kama mtu apasuavyo dafu, tuone kilichomo ndani. Sehemu yake ya kwanza ni neno *aristos*, yaani aliye bora kupita wote. Neno hili ndilo lililozaa aristokrasia, utawala wa walio bora, na ndilo lililo mwanzoni mwa jina la Aristotle, mwanafalsafa mkuu. Sehemu ya pili ni kiambishi kidogo chenye maana ya mwana wa fulani au mzao wa fulani. Kwa hiyo Aristides ni mwana wa aliye bora. Sehemu hii ya pili haiwezi kutusumbua sisi. Mswahili husema *bin*, Mkalenjin husema *arap*, Mmasai husema *ole*, na Mkikuyu husema *wa*. Watu waliotengwa na bahari na karne nyingi waliona jambo moja: kwamba mtu hajitoshi peke yake, na hana budi kutajwa pamoja na yule aliyemtangulia.

Lakini maana ya jina si dhamana ya mwenye jina. Mtu huweza kuitwa Tajiri akafa maskini, na mwingine akaitwa Baraka akawa msiba kwa jirani zake. Baba yeyote wa Kigiriki aliweza kumwita mwanawe Aristides, na wengi walifanya hivyo. Kama jina hili lingekuwa na maana nzuri tu, nisingelitumia wino wangu juu yake. Lililolipa uzito ni mtu mmoja aliyelibeba katika mji wa Athens, katika karne ya tano kabla ya Kristo. Aliitwa Aristides, mwana wa Lysimachus, wa mtaa wa Alopeke. Wenzake walimwongezea jina la pili ambalo hakupewa na wazazi wake. Walimwita Mwadilifu.

Mwaka 490 K.K. jeshi la mfalme Darius wa Uajemi lilishuka pwani ya Marathon, umbali wa kilomita zipatazo arobaini kutoka Athens. Waathens walikuwa na majemadari kumi, na inasimuliwa kuwa kila mmoja alipata siku yake ya kuamuru jeshi zima. Mwandishi Plutarch, aliyeandika habari za maisha ya Aristides zaidi ya miaka 500 baadaye, asema kuwa siku ya Aristides ilipofika aliitoa kwa Miltiades, kwa kuwa aliona mwenzake anajua vita kuliko yeye. Si watu wengi wawezao kupewa fimbo ya amri wakaipitisha kwa mwingine. Vita viliposhindwa na Waajemi wakakimbilia merikebu zao, jeshi la Athens liliharakisha kurudi kuulinda mji, na Aristides aliachwa nyuma na watu wake kulinda mateka na nyara. Dhahabu na fedha zilikuwa zimelala chini kama kuni. Yeye hakuigusa, wala hakumruhusu mwingine kuigusa.

Plutarch asimulia tena kuwa siku moja Aristides aliketi kuamua shauri la watu wawili. Mmoja wao, akitaka kumvuta hakimu upande wake, alianza kueleza jinsi mshindani wake alivyokuwa amemdhuru Aristides zamani. Aristides alimkatiza. Alimwambia aeleze kama mtu yule alimdhuru yeye mshitaki, kwa maana shauri lililokuwa mbele yao siku ile lilikuwa la mshitaki, si la hakimu. Mahakama ngapi duniani zingalikuwa na sifa njema kama maneno hayo yangaliandikwa juu ya milango yake!

Mtu wa namna hii hupendwa na wengi, nao wengine huchoshwa naye. Katika Athens palikuwa na kiongozi mwingine, Themistocles, mtu hodari, mwepesi wa akili, mwenye kupenda ushindi. Wawili hawa hawakupatana. Yapata mwaka 483 K.K. fedha nyingi ilichimbuliwa katika machimbo ya Laurion. Themistocles alishauri fedha hiyo itumike kujenga merikebu za vita, na wanahistoria wengi hudhani kuwa Aristides alikuwa upande wa wapinzani wake. Ni haki kusema kuwa katika jambo hilo Themistocles ndiye aliyeona mbali, kwa sababu merikebu hizo ndizo zilizoiokoa Ugiriki baadaye. Uadilifu haumfanyi mtu ajue yote.

Waathens walikuwa na desturi ya ajabu. Mara moja kila mwaka raia waliulizwa mkutanoni kama walitaka mtu yeyote atolewe mjini. Wakikubali, siku iliwekwa, na kila raia alikuja sokoni na kipande cha chungu kilichovunjika, alichokuwa amekikwaruza jina la mtu amtakaye aondoke. Karatasi ya mafunjo ilitoka mbali, Misri, nayo ilikuwa ghali. Vigae vilikuwa bure kila jaani. Kura zisipungue 6,000. Aliyepata nyingi kupita wote alipewa siku kumi za kufunga mizigo yake, akaishi ugenini miaka kumi. Hakushitakiwa kwa kosa lolote, wala mali yake haikuchukuliwa. Lengo la sheria hiyo lilikuwa kuzuia mtu mmoja asijikuze hata akawa mtawala wa mabavu.

Udongo hausahau. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua katika Athens zaidi ya vigae 10,000 vya kura hizo, na katika hivyo vimo vyenye jina la Aristides mwana wa Lysimachus. Katika kisima kimoja karibu na ngome ya Acropolis, mwaka 1937, vilipatikana vigae 190 vilivyoandikwa jina la Themistocles, navyo vilikuwa vimeandikwa na mikono 14 tu. Bila ya shaka watu fulani walikaa wakaviandika mapema ili wavigawe kwa wapigaji kura. Utaona basi kuwa hila katika uchaguzi si uvumbuzi wa zama zetu.

Mwaka 482 K.K. siku ya vigae ilimfikia Aristides. Hapa ndipo penye kisa ambacho, kwangu mimi, kimelifanya jina hili lisisahaulike. Inasimuliwa kuwa raia mmoja wa shamba, asiyejua kusoma wala kuandika, alimkaribia mtu wa kwanza aliyemwona akampa kigae chake, akamwomba amwandikie jina la Aristides. Mtu aliyeombwa alikuwa Aristides mwenyewe. Mkulima yule hakumtambua. Aristides alimwuliza kama Aristides alikuwa amemtendea ubaya gani. Mkulima alijibu kuwa hakutendewa ubaya wowote, wala mtu huyo hakumjua. Ila alikuwa amechoka kusikia kila mahali akiitwa Mwadilifu. Aristides hakujibu neno. Alikichukua kigae, akaandika jina lake, akakirudisha.

Simama hapa kidogo, msomaji, uzitazame njia zilizokuwa wazi mbele yake. Aliweza kuandika jina la Themistocles, na yule mkulima asingalijua kamwe. Aliweza kukataa, akaenda zake. Aliweza kujitambulisha na kumwonea aibu mtu wa watu mbele ya halaiki. Njia zote tatu zilikuwa rahisi, na njia ya kwanza ilikuwa na faida. Aliifuata ya nne, iliyokuwa na hasara kwake peke yake. Alifahamu kuwa kura ile ilikuwa mali ya mkulima, hata kama sababu yake ilikuwa ya kipuuzi. Mtu hanyang'anywi haki yake kwa kuwa anaitumia vibaya.

Liko jambo la pili katika kisa hiki, nalo lakuhusu wewe kuliko Mgiriki yeyote. Siku ile palikuwa na mtu ajuaye kuandika na mtu asiyejua. Asiyejua alikuwa ametia sauti yake yote mkononi mwa anayejua. Wewe usomaye kitabu hiki unajua kusoma na kuandika, na huenda nyumbani kwenu yuko mzee asiyejua. Kama hajakuomba bado, iko siku atakuomba umsomee barua ya serikali, umjazie karatasi ya shamba, au umtumie fedha kwa simu yake. Siku hiyo kigae kitakuwa mkononi mwako. Hakuna atakayekuona ukibadili neno moja au tarakimu moja. Elimu hukupa uwezo wa kumdhulumu mtu bila ya yeye kujua. Na hapo ndipo ijulikanapo kama elimu hiyo ilimwingia mtu moyoni au iliishia mdomoni.

Aristides alitoka Athens, lakini hakumaliza miaka kumi. Mwaka 480 K.K. Xerxes, mwana wa Darius, alikuja na jeshi kubwa, na Waathens waliwaita watu wao wote waliokuwa wamewatoa. Usiku wa kuamkia vita vya baharini vya Salamis, Aristides alitoka kisiwa cha Aegina akapenya katikati ya merikebu za adui, akaja kumpa habari kuwa wamekwisha zungukwa. Alimpa nani habari hiyo? Alimpa Themistocles, mpinzani wake. Mwandishi Herodotus asema kuwa alimwambia ushindani wao sasa na uwe juu ya nani atakayeitendea nchi yao mema mengi zaidi. Mwaka uliofuata, 479 K.K., aliongoza askari 8,000 wa Athens katika vita vya Plataea, ambavyo viliwaondoa Waajemi katika bara la Ugiriki.

Baada ya vita, miji mingi iliungana na Athens kujilinda, na kila mji ulitakiwa kutoa mchango. Nani apime mchango wa kila mmoja bila ya kupendelea? Kazi hiyo alipewa Aristides. Jumla aliyoweka ilikuwa talanta 460 za fedha kwa mwaka, na watu waliridhika. Fedha za miji mingi zilipita chini ya kalamu yake, naye alitoka katika kazi hiyo akiwa maskini kama alivyoingia.

Sitaki udhani kuwa nasimulia habari za malaika. Athens ya Aristides ilikuwa na watumwa wasiokuwa na haki ya kutia kigae hata kimoja, na wanawake nao hawakuwa na kura. Muungano alioupimia mchango ulikuja kuwa himaya ya Athens juu ya wenzake, na mchango ukageuka kodi. Tena mwanafalsafa Theophrastus aliandika kuwa Aristides alikuwa mwadilifu kabisa katika mambo ya mtu na mtu, lakini katika mambo ya nchi yake mara nyingine aliifuata faida yake. Taa yoyote ina kivuli chini yake. Lakini hatuizimi taa kwa sababu ya kivuli hicho.

Plutarch asema kuwa alipokufa hakuacha fedha ya kumzikia. Mji ndio uliojenga kaburi lake na kuwaoza binti zake, kila mmoja akipewa drakma 3,000. Mwanawe Lysimachus alisaidiwa na mji vilevile. Lysimachus huyu alipopata mtoto wa kiume alimpa jina la babu yake, Aristides. Maana Wagiriki walikuwa na desturi hiyo, kama ilivyo kwa Wakikuyu na makabila mengine ya Kenya. Je, jina lilimfaa mjukuu? Katika kitabu cha Plato kiitwacho *Laches*, Lysimachus mzee anaonekana akiona haya. Analalamika kuwa baba zao walishughulika sana na mambo ya watu wengine, wakawaacha wana wao wakue bila ya malezi yaliyo bora. Na sasa hana tendo lake mwenyewe la kuwasimulia vijana wake. Na katika kitabu kingine, *Theaetetus*, yule mjukuu anatajwa miongoni mwa vijana waliomwacha mwalimu Socrates kabla ya wakati, wakapoteza hata kile kidogo walichokuwa wamekipata. Jina lilirithiwa, lakini sifa haikurithiwa. Kumbe jina kuu si mali iliyowekwa akiba. Ni deni ambalo kila alipokeaye hulilipa upya.

Jambo hili lilinijia kwa nguvu nyumbani kwetu. Miaka michache iliyopita binamu yangu alijaliwa mtoto wa kiume, akaniomba nimtafutie jina ambalo mwanawe hatalishiriki na watoto watatu darasani. Nilimtajia Aristides. Lilimpendeza mara moja. Lakini katika jamaa yetu jina la mtoto si shauri la baba peke yake, na hivyo tulikwenda kwa mama yake, ambaye ni shangazi yangu.

"Huyo Aristides ni wa nani?" aliuliza.

"Ni Mgiriki wa kale, Shangazi," nilimjibu, "mtu aliyesifiwa kwa uadilifu."

"Uadilifu wake ulionekana katika nini?"

Nilimsimulia kisa cha kigae. Alisikiliza hata mwisho, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Huyo alikuwa mtu. Lakini, mwanangu, mmekwenda mbali mno. Babu yake mtoto huyu alikuwa mzee wa baraza. Siku moja aliamua kesi ya mpaka wa shamba, na shamba likamwendea jirani, si ndugu yake wa tumbo moja. Ndugu yake hakula chakula nyumbani kwangu miaka saba. Mbona huyo hammtaji?"

Hapakuwa na mtu wa kumjibu. Mtoto alipewa jina la babu yake. Binamu yangu alikuwa hajapata kuisikia habari ile ya mpaka, ijapokuwa alizaliwa katika nyumba hiyohiyo, na niliona jinsi alivyomtazama mtoto wake baada ya kuisikia. Shangazi, ambaye hakupata kusoma hata ukurasa mmoja wa historia ya Ugiriki, alikuwa amefanya kama alivyofanya Lysimachus, tena kwa namna iliyo bora. Lysimachus alimpa mtoto jina. Shangazi alitoa jina pamoja na tendo lake. Jina lisilo na kisa chake ni mtungi mtupu: huenda ukawa mzuri wa kutazama, lakini haukati kiu.

Jina la Aristides halikufa na mjukuu yule. Katika karne ya pili baada ya Kristo lilibebwa na Mkristo wa Athens aliyeandika kitabu cha kuitetea imani yake, na pia na msemaji mashuhuri, Aelius Aristides. Wagiriki wanalitumia hata leo. Wafaransa walilifupisha likawa Aristide. Aristide Briand, waziri wao, alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1926. Hata farasi alipata kuitwa hivyo: farasi aliyeshinda mashindano ya kwanza ya Kentucky Derby, katika Marekani, mwaka 1875, aliitwa Aristides, na aliyempanda alikuwa Mmarekani mweusi, Oliver Lewis. Afrika nayo imekuwa na Aristides wake. Aristides Pereira alikuwa rais wa kwanza wa Cape Verde, tangu uhuru mwaka 1975. Aliposhindwa katika uchaguzi wa vyama vingi mwaka 1991, alikubali na kuondoka kwa amani. Nilipoisoma habari hiyo nilikikumbuka kigae.

Lakini yupo mmoja ambaye siwezi kumpita kwa haraka. Aristides de Sousa Mendes alizaliwa Ureno mwaka 1885. Alipokuwa kijana alipata kukaa katika pwani yetu hii, akiwa balozi mdogo wa Ureno katika Unguja, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi wa Juni 1940 alikuwa balozi mdogo katika Bordeaux, Ufaransa. Majeshi ya Ujerumani yalikuwa yakiingia, na maelfu ya wakimbizi, wengi wao Wayahudi, walijaa mbele ya mlango wake wakitaka viza ya kuingia Ureno. Serikali yake, chini ya Salazar, ilikuwa imemkataza kuwapa watu wa namna hiyo viza bila ya ruhusa ya Lisbon. Yeye alikuwa na watoto wengi wa kulea, na mshahara wake ulikuwa mkononi mwa serikali hiyo. Aliamua kumpa viza kila aliyeomba. Alitia sahihi mchana na usiku, na inasimuliwa kuwa alilifupisha jina lake ili mkono uende mbio zaidi.

Kila sahihi iliokoa mtu, na kila sahihi ilikuwa ushahidi juu yake. Serikali ilimwita nyumbani, ikamhukumu, ikamwondoa kazini. Alikufa maskini katika Lisbon mwaka 1954. Mwaka 1966 taasisi ya Yad Vashem, katika Israeli, ilimtaja kuwa Mwenye Haki Miongoni mwa Mataifa. Mwaka 1988 bunge la Ureno lilimwondolea lawama, na mwaka 2021 kumbukumbu yake iliwekwa katika jengo la heshima la mashujaa wa taifa. Tafakari, msomaji: Aristides wa kwanza aliandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe, likamtoa katika mji wake, Aristides huyu aliandika lake mara maelfu, likamtoa katika kazi yake. Wote wawili walikufa bila ya mali. Na baada ya zaidi ya miaka 2,400, watu wasiojuana waliwapa wote wawili sifa moja: mwenye haki.

Mtu akiniuliza kama napenda sauti ya jina hili, jibu langu ni ndiyo. Linaingia vizuri katika kinywa cha Mswahili, kwa kuwa irabu zake ni wazi, na tukiliongezea irabu moja mwishoni litakuwa letu kabisa. Mtu akiniuliza kama nataka lienee katika Kenya, nitasema kuwa sina haja hiyo. Mwenye kulipenda na ampe mwanawe. Asiyelipenda anayo majina ya babu zake, na yamkini katika hayo mna Aristides ambaye hajasimuliwa. Nendeni mkawaulize wazee wenu kabla jua lao halijatua. Uliza jina lako lilitoka kwa nani, na mtu huyo alifanya nini siku alipokuwa na uwezo wa kudhulumu.

Wewe huandika jina lako kila siku juu ya madaftari na karatasi za mtihani, wala hulifikirii. Baadaye utaliandika chini ya hati, hesabu, hukumu na ahadi. Wino wa jina ni uleule. Tofauti yake iko katika jambo lililoandikwa juu yake. Wazazi wako walikupa herufi tu. Maana yake wataisoma wengine, katika yale uliyokubali kutia mkono wako.